Jicho Lililofaulu Mtihani

Kwa miaka mingi Mayala alikuwa karani wa kununua pamba pale Dutwa. Alianza enzi za ushirika, na kampuni binafsi zilipoingia na mizani zao zikamchukua yeye huyohuyo, maana hakuna aliyemzidi kwa jicho. Mkulima alifungua mzigo, Mayala akautazama mara moja tu: hii safi, weka huku, hii fifi, ina uchafu, rudi nayo nyumbani ukaichambue. Hakuwa na huruma hata kidogo. Wajomba zake wenyewe waliwahi kurudishwa na pamba yao.

Kisha kisukari kikamwingia machoni. Jicho la kulia likafa kimyakimya. La kushoto likabaki na ukungu, na kwenye jicho hilo moja ndipo ilipobaki kazi yake, chakula chake na heshima yake yote.

Hospitali moja ya Mwanza ikatangaza utafiti. Dawa mbili za kuchomwa ndani ya jicho zilikuwa zikishindanishwa. Mgonjwa hupangiwa moja kwa kura, wala haambiwi ni ipi. Daktari alimweleza taratibu: sindano ya kwanza ni ya wote, kisha kila mwezi utasoma herufi ukutani, ukionekana unashuka tunakuchoma, ukiwa vizuri unasubiri. Mayala akaitikia ndiyo, ndiyo, na hakusikia hata neno moja kwa hofu. Kichwani mwake lilikaa jambo moja tu: hawa watu wanachagua, na jicho fifi litarudishwa Dutwa.

Basi mtu mzima huyu akafanya nini? Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akawasikiliza wenzake wakisoma, akazikariri herufi zote kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo. Zamu yake ilipofika akazimwaga mstari kwa mstari, na huko ukutani haoni hata karatasi yenyewe.

"Mzee wangu, unaendelea vizuri sana!" muuguzi Felisita akamwambia. "Mwezi huu hakuna sindano."

Mashine ya kupiga picha ndani ya jicho ilikuwa imeharibika, kwa hiyo walitegemea mdomo wake. Na mdomo wake, jamani, ulikuwa hodari kweli! Kila mwezi alisifiwa, na kila mwezi giza lilizidi kumsogelea. Usiku alilala macho, roho mkononi, akirudia herufi zisimpotee.

Aliyemtia wazimu ni Nkinda, mfugaji wa Nkoma aliyeanza matibabu siku moja naye. Nkinda akisimamishwa mbele ya herufi husema tu, "Nduhu, daktari, sioni kitu," na hupelekwa kuchomwa. Sasa Nkinda anawatambua ng'ombe wake kwa rangi wakiwa mbali. Mayala akawa na hakika kwamba kura imempa dawa mbovu. Uvumilivu ulipomwishia, akamshika daktari mkono.

"Nihamishie dawa ya Nkinda, ng'wanawane, mwanangu. Mwenzio nakufa."

"Dawa gani, mzee? Wewe tumekuchoma mara moja tu, ulipoanza. Unasoma mpaka mstari wa mwisho, tukuchome kwa lipi?"

Mayala akakiri yote palepale, akilia kwa sauti mbele ya watu. Daktari hakumgombeza. Alimmulika jicho, akalimulika tena.

"Limeshaweka kovu katikati," akasema mwishowe. "Sindano haitasaidia tena, iwe ya dawa hii au ile. Ungesema tu kwamba huoni, mzee wangu."

"Nichome hivyo hivyo!" Mayala akapiga kelele, huku amemng'ang'ania koti. "Nichome zote mbili!"

Kelele zikamfikia mkewe, Nyanjige, aliyekuwa akimsubiri nje. Akaingia mbio, akasimuliwa, akakaa chini sakafuni karibu na mumewe.

"Baba Minza," akasema, "kila tukija hapa, mimi nikijua anayechomwa ndiye anayeshuka, kule nje nilikuwa namwomba Mungu wasikuchome."