Mahali Ambapo Hajamtoa Mtu

Nilirudi Mwanza kutoka Unguja na kadi ya mzamiaji kwenye pochi, nikiwa na miaka thelathini na tisa na kiburi cha mtu aliyejifunza jambo ukubwani. Nimekua nikiliona ziwa kila siku na kuliogopa kila siku. Katika likizo ile, kwa siku nne tu, mwalimu mmoja mvumilivu alinifundisha kupumua chini ya maji, na uoga wangu wa miaka yote ukanitoka. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba nisishuke peke yangu hata siku moja. Ya pili, nisikae muda mrefu bila kushuka, maana mwili husahau. Mwili wangu naujua. Kila wiki ilivyopita nilihisi uoga unarudi polepole, kama mpangaji aliyesahau vitu vyake ndani, na nilijua nikiuachia mlango sitautoa tena.

Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kushuka naye na mahali pa kushukia. Nilimpigia mama simu Bukoba nikamweleza shida yangu. Akasema samaki wapo sokoni, tena wameshakufa, haoni kwa nini niwafuate kwao.

Jumamosi moja nilifunga mapema duka langu la dawa pale Mkuyuni, nikaenda kwenye mwalo mmoja nje ya mji ambako mitumbwi hushusha dagaa. Mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa juani. Nikamwamkia, nikamwambia natafuta mzamiaji.

Aliacha dagaa. Akafungua kanga ya kiunoni, akajitanda begani.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Ni nani?"

"Yeyote tu," nikajibu, "mradi anaijua kazi."

Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi. Wanawake watatu wakaja wakaketi chini kando yangu, miguu wameinyoosha, kimya. Mwingine akaniletea maji ya kunywa. Wanaume wawili walikuwa tayari wanaulizana mtumbwi upi una injini nzuri. Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwenye mialo yetu hakuna mtu anayetafuta mzamiaji kama ziwa halijamchukulia mtu wake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, maana nilikuwa nimekalishwa matanga na marehemu hayupo.

Nikaeleza. Hawakukasirika, nadhani walifurahi tu kwamba hakuna aliyekufa. Ila yule mama alitaka kuelewa.

"Sasa huko chini unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Hata hivyo alinipa namba ya mzee mmoja anayeshuka kwenye vizimba vya kufugia samaki, kukagua nyavu na kuondoa samaki waliokufa. Akaniambia huyo ndiye anayewatoa ziwani watu wao waliozama.

Nilimpigia jioni hiyo hiyo. "Pole, dada," akaanza. "Imetokea lini?" Nilipomaliza kueleza alisema kwa adabu kwamba yeye hashuki kama hakuna shida, akaniaga. Nilikasirika sana. Nilisema peke yangu maneno ambayo ilibidi niyapeleke kwenye kitubio.

Wiki tatu baadaye mtu mzima mmoja mwenye baraghashia aliingia dukani akitaka dawa ya masikio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na sauti ya yule mzee wa vizimba nikaitambua. Nikamuuliza anashuka na nani siku hizi.

"Mwenzangu alihamia Musoma. Nashuka peke yangu."

"Peke yako, mzee? Na sikio bovu?"

"Nani atakuja, daktari? Watu wanaogopa. Wanasema nimeshika maiti wengi."

Shikamoo yangu ikaishia hapo. Nilimgombeza mbele ya wateja kama mtoto aliyekunywa dawa za bibi yake. Nikakataa kumuuzia dawa mpaka hospitali wamtazame sikio, nikamwambia hata akipona asithubutu kushuka peke yake wakati mji huu una mtu mwenye kadi na hana mwenza. Akacheka.

"Kumbe ni wewe wa kwenye simu."

Sikio lilipona. Siku moja alikuja tukanywa chai nyuma ya kaunta, nikafungua daftari anitajie mahali pazuri pa kushuka, kwa kuwa sakafu ya lile ziwa anaijua kuliko ninavyozijua rafu zangu. Akaanza. Kwenye yale mawe makubwa, pale ndipo alipomtoa mwalimu mmoja wa shule. Pale penye mchanga, ndugu wawili. Kule kwenye kona yenye matete, mvuvi mmoja wa Ukerewe. Alitaja kwa utaratibu, bila kujionea huruma, na mimi kalamu ikanigomea. Nikamwomba anitajie mahali ambapo hajawahi kumtoa mtu.

Alifikiri mpaka chai yake ikapoa.

"Nyuma ya kile kisiwa kidogo, ukishapita vizimba," akasema mwishowe. "Pale sijawahi kuitwa."

Tulikwenda Jumapili baada ya misa ya kwanza. Mwenye vizimba alituazima mitungi ya hewa, pamoja na mtumbwi na mtu wa kuuendesha. Nilianza kwa ubishi. Unguja nilifunga kwenye mkanda vipande sita vya risasi, yale madini mazito, ili nizame vizuri, na sita nikavitaka hapa.

"Maji haya hayana chumvi, daktari. Yatakumeza."

Asiyesikia la mkuu siku hiyo nilikuwa mimi. Nilikwenda chini kama jiwe la kusagia. Akanivuta kwa kamba mpaka juu, akaniondolea vipande viwili bila kusema neno.

Kamba ile ndiyo lugha yake. Unguja tulizungumza kwa ishara za vidole, lakini maji yetu ni ya kijani kama yaliyochemshiwa mboga, na vidole havionekani. Alikuwa amefunga ncha moja kwenye mkono wake na nyingine kwenye wangu. Ukivuta mara moja unauliza, upo? Mwenzako akivuta, yupo.

Tuliposhuka, uoga wote ulinirudia kwa mkupuo. Nikavuta kamba. Akavuta. Nikavuta tena, na tena, bila haya, na kila mara alijibu bila kuharakisha. Nilipohesabu mara ya saba nikaona napumua kama watu wengine.

Chini kulikuwa na mawe, na kwenye mawe kulikuwa na samaki aina ya furu. Niliwasha tochi nikamtafuta mzee nimwonyeshe. Alikuwa amepiga magoti kando ya jiwe, akilipapasa ufa kwa ufa kwa mikono miwili, na nyuma ya kioo cha miwani yake macho yalikuwa yamefumbwa. Miaka yote hiyo ametafuta kwa mikono, kwa sababu alichokuwa anakitafuta hakutaka kukiona.

Nikavuta kamba. Akafumbua macho.

Nikausogeza mwanga. Furu ni samaki wadogo ambao huku kwetu watu huwadharau, lakini madume wale walikuwa wa bluu, na mikia myekundu kama pilipili. Mmoja alimfuata mzee akadonoa kioo chake. Mzee hakusogea. Nikavuta kamba tena, na kwa mara ya kwanza alisahau kunijibu.

Tuliporudi mwaloni, yule mama wa dagaa alituona tukishuka mtumbwini na mitungi. Aliinuka, akaitoa kanga kiunoni, akajitanda begani.

"Mmempata?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, mama," mzee akasema. "Leo tulikwenda kuangalia samaki."

"Samaki gani?"

Akaweka mtungi chini, akakaa kwenye ile benchi, akaanza kumweleza rangi zao. Mama akairudisha kanga kiunoni, akakaa naye kusikiliza.