Leo Nimekataa Kuwasha Greda

Leo nimekataa kuwasha greda, mbele ya wanaume kumi na mmoja.

Mimi ni opereta, tunatengeneza barabara ya Kikoneni. Kila asubuhi hupima oili kabla ya kugusa ufunguo. Leo nimechomoa kijiti cha kupimia, nikaona oili imekuwa kama chai ya maziwa.

Msimamizi akasema, "Dada, washa tu, tumechelewa."

Nikamwambia, "Maji yameingia kwenye oili. Siwashi."

Akanuna. Wote wakanikodolea macho. (Jamani, si mchezo!)

Fundi alipofika akaikagua, akasema ningeiwasha, injini ingekufa. Msimamizi akanijia mwenyewe kuniomba radhi.

Furaha ile nilitaka kumpa mtu mmoja tu: mume wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na huu ni mwaka wa tatu yuko Qatar, jangwani, anaendesha greda za watu. Nikampigia kwa video.

"Baba Zuhura, tazama!" Nikamwonyesha kijiti.

Akasogeza uso karibu na simu.

Kisha akauliza, "Hiyo nyuma yako ni mvua?"

"Ndiyo, imeanza sasa hivi."

"Hebu geuza simu, mke wangu. Niione."

Nikageuza. Nikasimama pale nimeinua simu, nimelowa chepechepe, naye anatazama tu mvua ikipiga udongo mwekundu, mpaka akaitwa kazini.

Nyinyi wenye watu wenu mbali, wao huomba kuonyeshwa nini?