Jani Ndani ya Kopo

Mtu akikwambia ngozi nyeusi haiungui na jua, mwulize kama amewahi kushinda juu ya bati jipya. Mzee Bati ameshinda huko miaka thelathini na moja, na wenye maneno hayo hana simile nao. Jua la juu, husema, ni salamu tu. Linalounguza ni lile la chini. Bati jipya humrudishia jua yule anayelipigilia, likamkuta mahali ambapo hakuna kofia inayofika: chini ya kidevu, nyuma ya masikio, hata ndani ya matundu ya pua. Fundi mgeni siku ya tatu shingo inawaka moto, siku ya sita anabanduka kama rangi ya ukuta wa bafuni. Wengine huacha kazi hapo hapo wakaenda kujifunza useremala.

Yeye hakuacha, na sababu haikuwa ushujaa. Sababu ilikuwa nyumbani, inamsubiri.

Nyumba ni ya vyumba viwili, na jiko limejengwa nyuma peke yake, na dirisha lake dogo linatazama uani. Chini ya dirisha hilo kuna beseni la plastiki lililopasuka, na ndani ya beseni umeota mshubiri, majani mazito yenye miba pembeni, umejaa mpaka unamwagikia nje. Mkewe ndiye aliyeupanda mwaka waliohamia. Watu walimwita Bi Taratibu, na jina hilo halikuwa sifa wala kashfa, lilikuwa taarifa. Alichambua mchele taratibu, alitembea taratibu, na ukimsimulia kichekesho asubuhi ungemsikia anakicheka wakati wa kuanua nguo. Mumewe, ambaye hata salamu aliziitikia huku anaondoka, alimpenda kwa sababu ambazo hakuwahi kukaa akazifikiria.

Jioni zile jamani! Anaingia uani amebeba nyundo yake, shingo nyekundu, na anakuta kigoda kimewekwa kwenye kivuli cha jiko na ndoo ya maji ya mtungini iko kando. Si maji ya barafu. Bi Taratibu alisema ngozi iliyoungua ukiipiga na barafu unaifungulia kesi ya pili. Anajimwagia maji bila kujisugua, kisha anaketi kifua wazi. Mkewe anachovya kipande cha shuka kuukuu, anakikamua nusunusu, anakilaza mabegani. Hapangusi. Anakilaza tu, anasubiri kipate joto, anakitoa, analaza kingine. Na alikuwa na sheria yake: hakuna kulalamika mpaka kitambaa cha tatu.

"Mama, yule mwenye nyumba wa leo, yule..."

"Hicho ni cha pili, baba."

Kitambaa cha tatu kikifika, mara nyingi alikuwa ameshasahau alitaka kumsema nani. Hapo anapewa kikombe kikubwa cha maji anywe, kisha kingine, apende asipende. Halafu mkewe anaingia jikoni na kutoka na sahani yenye jani la mshubiri lililokwisha kumenywa, na ule ute wake baridi ukimpita shingoni Mzee Bati alifumba macho kama mtoto anayenyolewa. Mafuta alikatazwa kabisa.

"Mafuta yanakaanga," mkewe alisema. "Na wewe ushakaangwa vya kutosha."

Kitu kimoja tu kilimkera katika jiko lile, ambamo kwa kawaida aliingia kama mgeni. Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga dirishani, miaka nenda miaka rudi, kila jioni tupu, mahali ambapo yeye alitaka kuweka redio yake.

"Hili kopo lina faida gani hapa?"

"Liache. Lina kazi yake."

Kazi gani, hakuuliza. Mtu wa haraka huuliza swali moja tu, na lake lilikuwa limekwisha.

Bi Taratibu aliugua miezi saba, na hata kuondoka aliondoka taratibu. Mzee Bati alishuka kutoka juu ya mapaa siku mkewe alipougua, akamwogesha, akamlisha, akamlazia vitambaa vya maji kwenye paji la uso, akajifunza kutokuwa na haraka akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Tangu azikwe ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza gauni zake zilikuwa bado zinanukia yeye. Mwaka wa pili zikawa zinanukia kabati. Sauti yake nayo ilianza kumponyoka. Alikuwa akilala chali mchana akijaribu kuisikia ikisema "hicho ni cha pili, baba," na maneno yanakuja, sauti haiji. Jambo hilo lilimtisha kuliko kufa kwenyewe. Akawa kila siku anaumwagilia ule mshubiri, kwa sababu ulikuwa kitu cha mwisho cha mkewe kilichokuwa bado hai. Kopo alilitoa dirishani, akaweka redio, na ndani ya kopo akatia misumari yake ya bati. Kwanza alijaribu kulisugua kwa mchanga maana ndani, kwenye kitako chake, kulikuwa na doa la manjano lililoganda, akalisugua mpaka mkono ukauma, doa halikutoka. Kutu, akasema.

Basi mwezi uliopita paa la shemeji yake likavuja. Huyu ni mdogo wake marehemu, mwanamke wa wajukuu wanne, muuza viatu vya mitumba katika soko la wazi, na ulimi wake hauna breki. Alikuwa ameita mafundi vijana, wakamwezekea upya kwa siku moja, na mvua ya kwanza ikamwagikia kitandani. Mzee Bati alikwenda kutazama tu. Akapanda ngazi mpaka nusu, akachungulia, akapiga yowe, majirani wakadhani kaanguka.

"Wamepigilia bondeni! Shemeji, misumari yote iko bondeni!"

Bati lina migongo na mabonde, na msumari hupigwa mgongoni, kwa sababu maji hupita bondeni. Hata mtoto wa fundi anajua. Mzee Bati alivua shati ili lisichafuke, akabaki na fulana ya mikanda, bila kofia, akapanda.

"Shemeji, shuka!" alipiga kelele yule mama saa sita mchana. "Jua kali! Subiri jioni!"

"Jua hili nalijua tangu halijaota ndevu!"

Kulijua alilijua, lakini ngozi yake ilikuwa imekaa kivulini karibu miaka mitatu, imelainika kama ya karani. Alishuka saa tisa. Paa lilikuwa limepona, mwenyewe anawaka. Alikataa chakula, alikataa maji, akaenda zake nyumbani, na ukweli, ingawa asingeukiri hata kwa kiboko, ni kwamba alikuwa na furaha. Aliungua kama zamani. Kulikuwa na sababu ya kukaa kwenye kigoda.

Akaweka kigoda kivulini. Akachota maji. Akajilazia kitambaa cha kwanza, cha pili, na cha tatu, ingawa mabega kwa nyuma hakuyafikia, kitambaa kikawa kinaanguka chini na yeye anakiokota. Kisha akakata jani nono la mshubiri, akalipasua papo hapo na kisu, akajipaka shingoni, kifuani na kila mkono ulipofika. Akafumba macho, akasubiri ile baridi.

Ukaja mwasho. Kwanza akajikaza, akidhani dawa inafanya kazi. Kufika magharibi shingo ilikuwa imetoka vipele na anajikuna kwa meno ya kitana. Asubuhi akajaribu tena kwa jani jingine, nono zaidi, na mambo yakawa mabaya zaidi. Alioga, akaketi kwenye kigoda, akautazama mmea ule kwa muda mrefu. Mtu mwenye akili zake angesema mmea ni mmea. Lakini yeye alikuwa na miaka miwili ya kupoteza vitu kimoja kimoja, na alichokiona pale ni kwamba hata huu umekwisha; kwamba dawa haikuwa kwenye jani, ilikuwa kwenye mkono wa mwenyewe, na mkono huo uko chini ya udongo. Akalia. Halafu, kwa kuwa hakujua kufanya jambo lolote pole pole, akaenda kuchukua jembe.

Alikuwa amekwisha kuliburuta beseni mpaka katikati ya ua na kuinua jembe wakati shemeji yake alipoingia na mfuko wa viatu begani, njiani kwenda sokoni.

"We! Mshubiri wa dada yangu umekukosea nini?"

"Umekufa."

"Umekufa na majani yote hayo? Kwanza geuka nikuone. Mungu wangu, shemeji, shingo hii ni yako au umeazima? Umepaka nini?"

"Huo huo. Jana na leo. Kama alivyokuwa akinipaka yeye."

"Ulikata, ukapaka?"

"Nikakata, nikapaka. Ulitaka niuombe ruhusa?"

Shemeji alitua mfuko chini, akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaona macho ya mzee yalivyo mekundu, akaacha kucheka.

"Shemeji, jani la mshubiri likikatwa linatoa utomvu wa manjano. Mchungu, na unawasha balaa. Unalisimamisha kwanza ndani ya kopo, sehemu iliyokatwa ikae chini, utomvu uchuruzike wote. Ndipo unamenya. Kwani lile kopo la dirishani lilikuwa la nini?"

Mzee Bati aliingia ndani, akatoka na kopo la misumari, akaimwaga yote chini, yeye ambaye huokota hata msumari uliopinda. Akatazama ndani. Doa la manjano lilikuwa pale pale, tabaka juu ya tabaka.

"Mimi nilidhani kutu," alisema.

"Kutu ya manjano?"

"Lakini jioni lilikuwa tupu. Kila jioni."

"Jioni alikuwa amekwisha kulimenya. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu nikisoma, nilikuwa naona. Wewe unafunga kamba za viatu mlangoni, yeye anakata jani huku nyuma. Hata nusu saa inatosha, lakini yeye lazima alfajiri, kabla hujatoka getini. Nikamwuliza, dada, kwa nini usimwambie? Akasema fundi asipande juu akifikiria maumivu. Hayo atayafikiria yeye mkewe."

Mzee Bati aliketi kwenye kigoda. Kila asubuhi aliyotoka kwa haraka, bila hata kugeuka, huku nyuma jani limesimama ndani ya kopo linamsubiri. Miaka thelathini na moja.

Shemeji alikata jani, akalisimamisha. Wakati linachuruzika alimlazia vitambaa, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko wa dada yake, na alizungumza kuanzia kitambaa cha kwanza. Nusu saa ilipopita akamenya, akamwosha shingo, akampaka. Baridi ikaja. Ilikuja vilevile, ikapita nyuma ya masikio mpaka kifuani, na Mzee Bati akafumba macho.

"Na siku za mvua?" aliuliza baadaye, macho bado yamefumbwa. "Siku nilizorudi sijaungua. Jani alilifanya nini?"

"Alilitupa jaani. Ungemwona! Siku za kulitupa ndizo alizokuwa akiimba."

Hapo ndipo alipoisikia. Si wimbo, sauti. Ikasema hicho ni cha pili, baba, pole pole, kama ilivyokuwa, na mzee wa watu akalia mbele ya shemeji yake bila kuona haya.

Redio siku hizi inakaa chumbani. Kopo limerudi dirishani, na siku za soko Mzee Bati huamka alfajiri, hukata jani na kulisimamisha. Mwavuli wa shemeji una matundu, na viatu vya mitumba haviuzwi kivulini. Jioni mama huyo hupita uani na mfuko wake, na kabla hajatua mzigo anaulizwa:

"Leo umeungua?"

"Leo palikuwa na mawingu, shemeji. Sijaungua."

"Geuka nione."

Anageuka. Mzee Bati anaikagua shingo pande zote mbili, hana haraka, kisha anakwenda dirishani, anatoa jani zima ndani ya kopo, na kulitupa jaani huku anaimba.