Nilivyojifanya mtaalamu wa hewa ya Uingereza, nikalowesha sare za harusi ya mdogo wangu nikiwa Guangzhou

Wakuu, habari za mihangaiko.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi niweke uzi wangu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Atakayeona ni chai, atafute vitafunwa akae.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekaa Uingereza miaka tisa, mji wa Leeds. Sasa hivi nipo Guangzhou, China, nawanunulia watu nguo na viatu kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road na kuwatumia nyumbani.

Katika ile miaka tisa kuna somo nililifaulu kuliko hata kozi iliyonipeleka. Hali ya hewa. Nililijua hadi nikavimba kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichotaka kumharibia harusi mdogo wangu Zuhura.

Ngoja nianzie Leeds ili mnielewe.

Nilifika mwezi wa kumi. Asubuhi ya kwanza nachungulia dirishani, jua linawaka, anga la bluu, safi kabisa. Nikavaa shati la mikono mifupi nikatoka kwenda dukani.

Wakuu, jua la kule kuna siku ni la mapambo tu. Linang'aa lakini halina kazi. Hatua ishirini, masikio siyasikii tena. Nikageuza mbio kurudi ndani, na jirani yangu, mama mmoja mtu mzima nitamwita Bi Jean, alikuwa amesimama mlangoni kwake anacheka waziwazi.

Jioni akaniletea koti la marehemu mumewe. Lilinipwaya mabegani, lakini nililivaa miaka yote.

Bi Jean ndiye aliyenifundisha kwamba kule salamu ni hewa. Hawakuulizi umeamkaje. Mtu anakwambia "baridi leo", nawe unamjibu "afadhali ya jana", basi, mmeshasalimiana na mnaweza kupendana. Nilipolijua hilo nikapata marafiki kituo kizima cha basi.

Halafu theluji.

Mara ya kwanza niliamka nikasikia kimya. Hakuna gari, hakuna mtu. Kufungua pazia, mtaa wote mweupe. Nikampigia mama simu ya video, nikachota theluji kwenye sufuria nimuoneshe. Mama akaitazama weee, kisha akauliza, "Na hiyo wanaipikia nini?"

Siku hiyo mabasi hayakutoka. Watu ambao kwa miezi walikuwa wananipita bila neno wakatoka na makoleo, tukasukuma gari moja baada ya jingine kupanda kile kilima cha mtaa wetu. Nilianguka mara nne. Nilicheka kuliko nilivyocheka mwaka mzima.

Nisiwadanganye lakini, theluji si mchezo siku zote. Miaka kadhaa baadaye ilishuka wakati nina tiketi mkononi ya kwenda kwenye hitma ya baba. Uwanja wa ndege ukafungwa. Nikakaa uwanjani siku mbili na begi langu, na huko Tanga wakasoma bila mimi. Zuhura alikuwa mdogo bado, akaniambia kwenye simu, "Kaka, nilikuwekea nafasi ya kukaa." Hilo neno sijalisahau.

Tuendelee, nisije nikawaliza.

Kuna kiangazi kimoja joto lilipanda hadi treni zikaambiwa zitembee taratibu, reli zisije zikapinda. Kazini wote wakanigeukia mimi: wewe si umezoea? Nikakunja mguu juu ya mwingine, nikasema kwetu hili ni joto la asubuhi.

Uongo mtupu! Zile nyumba zimejengwa zitunze joto. Dirisha linafunguka nusu, feni madukani zimekwisha. Nilitandika taulo bafuni nikalala kwenye vigae, mimi mtoto wa Tanga.

Upepo nao. Dhoruba zao wanazipa majina ya watu, na mojawapo ilipita kwetu ikabeba trampolini la kurukia la watoto wa jirani. Nipo jikoni nakunywa chai, naliona linapita dirishani. Tulilikuta nyumba ya nne, limekaa vizuri kabisa katikati ya bustani utadhani limeagizwa.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni asubuhi tuliyoamka magari yote ya mtaa yana vumbi jekundu. Redioni wanasema limetoka jangwa la Sahara, limepeperushwa hadi kule. Watu wananuna, wanatafuta ndoo. Mimi nikapitisha kidole kwenye boneti nikacheka peke yangu. Viza yangu iliniliza miezi mitatu, na vumbi la Afrika limeingia bila kuulizwa hata jina.

Sasa hapa shikeni vizuri, maana ndipo uzi unapogeukia.

Majira ya baridi, nyumba za kule zinaota ukungu mweusi kwenye kona za kuta. Watu wamefunga kila kitu, wanaanika nguo ndani, maji yote yanabaki humo humo. Bi Jean akanipa dawa: kila asubuhi fungua madirisha dakika kumi, hata kama nje kuna barafu. Hewa ya nje ni kavu, itatoa unyevu wa ndani.

Nikafanya. Ukungu ukaisha. Ikawa ibada yangu, naamka, naswali, nafungua madirisha. Hadi wabongo wenzangu walioshindwa na ukungu nilikuwa nawapa darasa, tena kwa madaha.

Basi, nikahamia Guangzhou. Niliingia mwezi wa tisa, miezi ya mwanzo hewa kavu nzuri, nikasema huku ni kwepesi.

Mwaka haujaisha, Zuhura akapata mchumba, harusi ikapangwa Tanga. Na mimi siwezi kwenda, pasipoti ilikuwa imeshikwa kwa ajili ya kuhuisha kibali cha kukaa. Nilipomwambia akasema, "Basi kaka, sare zitoke kwako. Nikiwaona wote wamevaa nitajua upo."

Wakuu, mnaelewa uzito wa hilo. Hitma ya baba nilikosa. Hii nisingekubali ipite hivi hivi.

Nikatafuta satini ya rangi ya zambarau, nikapata fundi, magauni arobaini na mawili, kila moja lina kikaratasi cha jina: mama, mashangazi, marafiki wa bibi harusi. Kwa kontena la meli kutoka bandari ya Nansha yasingewahi, kwa hiyo yaende kwa ndege. Wakala wa mizigo akaniambia mwisho wa kupokea ni Alhamisi mchana. Ndege inayofuata ingefika harusi imeshapita.

Jumatatu nikayatundika yote sebuleni kwangu kwenye kamba, yasipate mikunjo. Nilikaa nikayaangalia kwa raha, nikampigia Zuhura akayaona, akapiga kelele ya furaha.

Jumanne naamka, hewa imebadilika. Nje ukungu mzito wa uvuguvugu. Kioo cha bafuni kinatoa jasho, sakafu ya korido inateleza.

Nikatabasamu. Unyevu? Unanijua mimi?

Nikafungua madirisha yote. Si dakika kumi, yote na kutwa nzima, na mlango wa balkoni juu, ili hewa ipite. Nikatoka kwenda Zhanqian Road kutafuta viatu vya mteja, roho kwatu.

Saa tisa mchana narudi. Nafungua mlango, mguu unaingia kwenye maji.

Kuta zinatiririka. Dari inadondosha matone. Na magauni, wakuu, magauni yamelowa, yananing'inia mazito, satini imejaa madoa ya maji kila mahali. Vikaratasi vya majina viko chini vinaelea.

Nikajua bomba limepasuka juu. Nikampigia simu mwenye nyumba wangu, Mama Lin, anayekaa ghorofa ya chini, nikamfokea kabisa kwa Kichina changu cha sokoni: bomba lako limeniulia harusi!

Akapanda ngazi na kandambili zake. Akatazama dari. Akatazama kuta. Akatazama madirisha.

"Aiya. Nani kafungua?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote. Na mlango."

Akafumba macho kidogo, halafu akaenda kufunga moja moja. Alipomaliza ndipo akanieleza. Hii inaitwa huinantian, hewa ya kusini inarudi. Kila mwaka baridi inapoisha, hewa ya joto iliyojaa maji inapanda kutoka baharini wakati kuta bado za baridi. Ikigusa ukuta inageuka maji. Huku unafunga madirisha, hata mtoto wa chekechea anajua.

Kwa maneno mengine maji niliyaita mwenyewe, nikayafungulia na mlango. Kisha nikamfokea mwenye nyumba. Nilimwomba radhi hadi nikaishiwa msamiati.

Nikamwonesha magauni, nikamwambia ni ya nini, na mwisho ni Alhamisi. Akashika moja, akalisugua katikati ya vidole. Kumbe ujanani alifanya kazi kiwanda cha nguo. Akasema, "Yaloweke yote upya."

"Mama Lin, nataka yakauke!"

"Doa linakaa kwa sababu pameloa hapa, pale pakavu. Loweka gauni zima, likauke lote kwa pamoja, doa linaondoka. Unaniamini au una ujuzi mwingine?"

Ujuzi mwingine. Hapo alinimaliza.

Nikamwita Wanjiru, dada wa Kikenya anayesoma chuo huku, yeye ana pasi ya mvuke. Aliingia, akaangalia zile kuta, akasema, "Buda, si ungeuliza mtu kwanza? Hii kitu hata freshers wanajua." Nikamwambia dada, kejeli weka foleni, kuna aliyekutangulia.

Tukaloweka gauni la kwanza kwa majaribio. Nilikuwa naomba dua mikono ndani ya beseni. Mama Lin akaleta mashine yake ya kukausha hewa, akaazima nyingine mbili kwa majirani, kiyoyozi akakiweka kwenye kukausha. Baada ya saa kadhaa lile gauni likakauka.

Halina doa hata moja. Nilimkumbatia Mama Lin bila kufikiri, akanisukuma akisema bado arobaini na moja.

Jumatano nzima tulikuwa kiwandani humo sebuleni. Mama Lin anakagua kila mshono na kupiga kelele, Wanjiru anapiga pasi, mimi ni wa kumwaga ndoo za maji yaliyotolewa hewani, na majina naandika upya. Tulikula tambi tumesimama. Tulicheka sana, nakiri, maana hofu ilipoanza kutoka kilichobaki kilikuwa kicheko.

Nikaomba na mimi nipige pasi gauni moja. Nililiunguza. Lilikuwa la shangazi Mwanaidi. Mama Lin akaficha pale kwa ua la kitambaa kile kile, likapendeza kuliko yote, na shangazi hadi leo anaamini nilimpendelea. Naomba asiwe memba humu.

Alhamisi saa nne asubuhi mzigo ulikuwa kwa wakala, ndipo nikampigia Zuhura nikamsimulia alivyotuokoa Mama Lin.

Siku ya walima wa mchana huko Tanga, huku ilikuwa jioni. Nikamwalika Mama Lin aje tutazame kwa video. Mama akazungusha simu ukumbini: zambarau kila kona, mama zangu, shangazi zangu, wanacheza. Zuhura katikati. Akaisogelea simu, akasema, "Kaka nakuona." Nikampungia mikono yote miwili.

Halafu mshereheshaji akaanza kuita wanakamati wa harusi, mmoja mmoja anapigiwa makofi. Zuhura akamnong'oneza kitu. Nikasikia kwenye spika za ukumbi mzima: "Na mwanakamati wetu wa Guangzhou, aliyezikausha sare hizi zote, Mama Lin!"

Vigelegele, wakuu. Vya Tanga, mnavijua.

Mama Lin akashtuka. "Wanapiga kelele za nini?"

"Wanakushukuru wewe. Wamekutaja jina."

Akaniangalia kuona kama namtania. Kisha akainuka haraka, akasema, "Waambie wasubiri," akashuka ngazi. Akarudi na mumewe na dada yake, akawakalisha mbele ya simu, akakaa katikati yao, akatengeneza nywele.

"Haya. Waambie warudie."

Wakarudia.

Nilichojifunza: ujuzi wa hewa ni wa mahali pake. Ukihamia mji mpya, hata uwe umekaa wapi miaka mingapi, mgongee jirani umuulize hapa mnaishije, na umuulize kabla hujampigia kumfokea.

Uwanja ni wenu sasa. Mliopigwa na theluji, joto, vumbi au jasho la kuta, tupeni ya kwenu. Kama kuna aliyejifanya mjuzi akaharibu kuliko mimi, ajitokeze tafadhali, nipate wa kumcheka.