Mchanga wa Ziwani

Mwezi wa tatu, mwaka 2009, nilifiwa na mama yangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Alikuwa mfinyanzi tangu kwetu Kivu ya Kusini. Hakuacha picha, maana tulikimbia bila kitu, na kuandika hakujua. Aliacha vikombe vya kahawa vibichi juu ya ubao nyuma ya nyumba, vikisubiri moto.

Kila kikombe alikimaliza namna moja. Akishabandika mkono wa kikombe, alibonyeza kidole gumba chini yake ili ushike. Alama ile ilikuwa yake. Nikiweka kidole changu mle kinazama, kwa kuwa gumba lake lilikuwa pana kuliko langu.

Wamama wa kanisa walisema ningoje matanga yaishe, nikangoja. Kisha jirani yangu, mama mfugaji aliyehamia karibu nasi kutoka Masha, aliniletea mavi ya ng'ombe makavu. Nikavifunika vikombe kwa mavi na nyasi, nikawasha. Jioni nilifukua majivu. Hakuna hata kimoja kilichopasuka. Nililia pale pale, mara ya kwanza tangu maziko.

"Mama wako alijua kazi," jirani alisema. "Usitoe yote, dada. Unasikia?"

"Nitabakisha kimoja."

Vingine mama alikuwa amemwahidi mwenye mkahawa mmoja huko Mbarara kabla ya kuugua. Sikutaka ahadi ya marehemu ilale, nikavipeleka. Baadaye nilipopita tena, yule bwana aliniona tangu mlangoni.

"Nyabo, vikombe yako inakohoa!" alisema kwa sauti, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Tunamwaga kahawa, inasema ta! Halafu inatema meno."

"Ni vikombe ya wakimbizi," mteja mmoja akadakia. "Bado inakimbia."

Wakacheka wote. Alinirudishia vikombe vyote katika boksi. Vipande vilikuwa vimebanduka, na katika kila tundu kulikuwa na doa jeupe kama unga.

Nyumbani, jirani alilichokoa doa moja kwa ukucha. "Hii ni konokono. Mliweka mchanga ya ziwa?"

Hapo nilielewa. Siku zote mama alichanganya udongo na vigae vya vyungu vilivyotwangwa. Mwezi ule wa mwisho hakuwa na nguvu za kuinua mchi, akachukua mchanga, nami nikiwa shambani. Hakuniambia, maana hakupenda kuonekana amechoka. Mchanga alioujua ni ule wa mto wa kwetu, ambao hauna kitu. Wa hapa una vipande vya konokono, vidogo kuliko punje ya mtama. Moto huvigeuza chokaa, na chokaa ikipata maji huvimba.

"Na kile changu?" nilimuuliza.

"Usitie maji. Hata hewa ya mvua, usiionyeshe."

Nilikifunga ndani ya kitenge chake, nikakitia katika kopo la bati, nikafunika. Kila asubuhi nilifungua na kupitisha kidole chini ya mkono wa kikombe. Mvua zilipoanza, doa jeupe likatokea karibu na alama, kisha lingine. Nikaomba. Nilijua ni aibu kumsumbua Mungu kwa ajili ya kikombe, lakini niliomba kwa sauti, nikiwa nimepiga magoti, mpaka sauti ikakauka. Madoa yakaongezeka.

Asubuhi moja nilikuta ganda limebanduka chini ya ukingo. Alama bado ilikuwapo. Nikaona kikombe kitafia ndani ya kopo bila mtu kukinywea hata mara moja. Nikachemsha kahawa, nikaketi mlangoni, nikamimina. Niliweka gumba langu pale alipoweka lake.

Nikapiga funda moja. Kikasema ta. Nikapiga la pili, mkono wa kikombe ukakatika pale pale penye alama, kahawa yote ikanimwagikia mapajani. Sikujua kama nimepiga kelele. Jirani alisikia, akaja mbio na ndoo ya maji baridi.