Majani Yaliyomsubiri Kaka

Mwaka wa vita nilirudi Murusagamba nikiwa na shahada na sanduku la bati, nisubiri barua ya kupangiwa kazi. Barua haikuja. Malori yalikuwa yameelekezwa kaskazini, na kaka yangu alikuwa ndani ya mojawapo, mgambo aliyefundishwa kulenga shabaha kwa majuma machache. Baba alikuwa amekwisha kufariki, hivyo kaka ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alituacha watatu: mama, mimi na mke wake, mwenye mimba ya miezi mitano.

Mganga wa zahanati alimfunua shemeji kope, akatazama viganja vyake.

"Damu hana," aliniambia mimi, kana kwamba shemeji hakuwapo. "Vidonge vimekwisha. Mpeni mboga za majani, kila siku."

Jua lilikuwa limekausha majani ya maharage. Nyumba yetu mpya ilikuwa katika mstari wa kijiji cha ujamaa, juu ya udongo mwekundu mgumu kama sakafu. Tulipohamishwa, samadi ya miaka yote ilibaki mahameni, kwenye makazi yetu ya zamani, lilipokuwa zizi la baba. Mtawa mmoja wa misheni alinipa mbegu za spinachi. Nikawa natembea saa mbili hadi mahameni, najaza gunia samadi nyeusi iliyooza, narudi nalo kichwani.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, hakuacha kunisalimia.

"Msomi! Wenzako wanashika bunduki, wewe umeshika ndoo!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwagilia, mwagilia. Adui akija tutampiga kwa mboga."

Nilicheka naye. Kisha nilikaa siku nzima nikijiuliza kama kweli nilikuwa mwoga, na kama mtu anayejiuliza hivyo si mwoga tayari.

Spinachi ilishika. Nilinyunyiza majivu kufukuza wadudu, nikapunguza miche iliyosongamana, nikapima majani kwa kiganja asubuhi na jioni. Mtawa alinifundisha kuvuna: unashika kikonyo chini kabisa, unakipindisha kuelekea nje, unaanza na majani ya pembeni na kuuacha moyo. Ukikata vyote umevuna mara moja tu. Kufikia mimba ya miezi saba, majani yalikuwa mapana, yanang'aa.

Asubuhi moja mama alikuja na ungo.

"Chuma," aliniambia. "Nitapika, halafu utaonja wewe kwanza. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa."

Kwetu, mavuno ya kwanza huonjwa na mwenye nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanamke haonji. Na ndugu akionja mahali pa ndugu yake, maana yake inajulikana: mwenyewe hatarudi. Mama alifanya hivyo mwaka aliofariki baba. Alimpa kaka kijiko cha kwanza cha maharage mbele yetu sote, na tangu hapo hatukumsubiri baba tena hata kwa mawazo.

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameketi mlangoni, midomo myeupe, anatazama majani na si mimi.

"Hii ni mboga ya misheni," nilisema. "Labda mila haiihusu."

"Imeota kwenye samadi ya baba yako," mama alijibu.

Ningeweza kuonja. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na sita, na chuoni nilikuwa nimewahi kusimama mbele ya wenzangu nikazikejeli mila. Lakini niliona mdomo wangu ukifungua kaburi la kaka mahali nisipopajua, na mkono ukakataa. Nikasema tusubiri juma moja, huenda redio ikatangaza jambo, huenda barua ikaja. Mama alirudi ndani na ungo wake mtupu.

Juma likawa mawili. Jioni moja shemeji alinifuata bustanini.

"Shemeji, yeye akiwa hai, hatakasirika."

"Na kama tukimwua kwa kijiko?"

Alipitisha kidole juu ya jani moja kubwa, kisha akakifuta kwenye kanga kama mwizi.

Juma la tatu, uchungu ulimshika kabla ya wakati. Tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Mtoto alitoka akiwa amekufa. Mganga alisema majani ya majuma matatu yasingebadilisha mengi. Nimeligeuza lile neno "mengi" kila upande, na bado sijui kiasi kilichobaki.

Kaka alirudi vita vilipokwisha, amekonda, ana kovu shingoni. Shemeji alimweleza habari za mtoto ndani, mlango umefungwa. Kaka alipotoka, alisimama bustanini, penye spinachi iliyokuwa imerefuka hadi kiunoni, imetoa mbegu, majani yamekauka pembeni.

"Hizi nazo?"

"Tulikusubiri uonje," nilisema.

"Kule nilikula ndizi za watu. Nilikula mbuzi aliyelipuliwa." Akaligusa jani moja kavu. "Majani, mdogo wangu? Mngekula."

Shemeji alitoka nyuma yake. Akaanza kung'oa mashina, moja baada ya jingine, na mizizi na udongo, akiwatupia mbuzi. Niliinama nimsaidie.

"Acha," alisema. "Haya nitayavuna mwenyewe."