Kuku Aliyetangulia Kukohoa

Naikumbuka siku mama mkwe wangu aliyokuja kutoka Didia, mwanangu, hata rangi ya kitenge chake naikumbuka. Ndiyo siku niliyotaka kumchinjia kuku mgonjwa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na ushee, naishi na mume wangu machimboni, upande wa Geita. Yeye alishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mimi nilitwanga mawe nyumbani kwa kinu cha chuma, binti yetu Kabula akiwa mgongoni. Wenzetu walitwanga mahali pa wazi. Sisi tulizungushia ua turubai, juu hadi chini, jirani asije akaona mawe yetu yana nini. Hewa hatukuifikiria.

Tulikuwa na kuku mmoja mzee, mweusi mwenye madoa. Kila alipovuta pumzi shingo ilinyooka, mdomo ukaachama, na kifuani kikatoka kilio chembamba. Mume wangu alimwita Bibi Filimbi. Nilipopita Kahama nilimnunulia dawa ya mafua pale Nyasubi, nikaichanganya kwenye maji yake. Siku tano alitulia, ya sita filimbi ikarudi. Miaka miwili ikawa hivyo.

Nami ni mtu wa kuona mambo, ndivyo nilivyoumbwa. Niliona kwamba Jumapili, tusipotwanga, alipumua afadhali. Niliona kwamba masika, ua ulipolowa, filimbi ilishuka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nayahesabu. Lakini macho yalikuwa kwa kuku, akili ikawa kwenye mawe.

"Shikamoo, mama," nilimpokea mgeni.

"Marahaba, Mama Kabula. Mbona nyumba mmeifunika kama mwali?"

Kwetu mgeni wa heshima hukabidhiwa kuku angali hai, amshike, ajue amepokewa, ndipo achinjwe. Nikamletea Bibi Filimbi, kwa kuwa alikuwa hatagi tena. Majogoo wawili wanono nilikuwa nimewafungia nyuma ya nyumba. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Alimpokea kwa mikono miwili. Nilingoja shukrani, haikuja. Alimwinua, akaweka sikio mgongoni pake, katikati ya mbawa, akafumba macho. Nikajizuia kucheka: mtu mzima anampima kuku!

"Bhebhe," akaniita kwa Kisukuma, yaani wewe, "huyu analala wapi?"

"Jikoni, mama. Kando ya viroba vya unga wa mawe."

"Na mchana?"

"Anadonoa hapa hapa, kwenye kinu."

"Na Kabula?"

Kabula alikuwa mgongoni mwangu, nywele zake nyeupe kwa vumbi. Mama akanyoosha mkono nimpe mtoto, akamsikiliza vilevile. Mume wangu, aliyesimama mlangoni, akatania, "Mama, naye huyo unataka tumchinje?"

Mama alinishika kichwa, akalaza sikio langu kwenye mgongo wa kuku. Kisha kwenye mgongo wa Kabula. Kisha kwa kuku tena. Ya kuku ilikuwa nene, ya mtoto nyembamba, lakini filimbi ilikuwa moja.

"Kuku pua yake iko chini," mama alisema taratibu. "Vumbi linamfikia kabla halijawafikia ninyi. Miaka miwili anawaambia, nanyi mnamtungia majina."

Aliinuka, akaanza kulifungua turubai kwa mikono yake, fundo baada ya fundo.

"Mama, watatuibia!" mume wangu akalalamika.

"Waibe mawe. Mapafu hayachimbwi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone: maneno hayo nilikuwa nayasema tangu utotoni, siku ile ndipo nilipoyaelewa. Kesho yake tulikwenda zahanati. Mganga alisema kifua cha mtoto kimeanza kuchafuka, aondolewe kwenye vumbi haraka. Mama akaondoka naye kwenda Didia, na kuku ndani ya tenga. Nami nikafuata baada ya siku chache.

Ilichukua miezi mingi, lakini filimbi ya Kabula ilinyamaza. Ya kuku haikunyamaza. Bwana mifugo mmoja aliniambia kukoroma kwa kuku mzee kuna sababu nyingi, mafua sugu, moshi, umri, nami simpingi. Ninachojua ni nilichosikia. Aliishi misimu mitatu mingine ya mahindi, akivuta pumzi kwa taabu katika hewa safi, na hakuna aliyemgusa kwa kisu. Asubuhi nilikuwa nachuchumaa nimsikilize. Nilistaajabu kwamba kiumbe mdogo kiasi kile, ambaye hata punje za mahindi nilimpimia kwa ubahili, alikuwa ameubeba ugonjwa wa nyumba nzima mbele yetu.

Leo Kabula akiita ng'ombe, sauti yake inavuka mbuga. Mume wangu alirudi kwenye duara, hakusikia la mama yake. Unamjua. Kikohozi chake hufika mlangoni kabla yake.

Basi, mwanangu unayefunga mzigo kwenda machimboni, sikuzuii. Mawe yamwagie maji ndipo utwange, na utwangie penye upepo, mtoto akiwa mbali. Usijizungushie turubai kwa kuogopa macho ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na yule aliye chini kabisa nyumbani kwako, awe mtoto, awe mzee, awe kuku asiyetaga, akianza kukohoa, usimwone kero. Muulize analala wapi. Inama umsikilize, maana huenda anakohoa kwa zamu yako.

Mungu akupe riziki isiyokudai pumzi. Uvute hewa ijae kifua, uitoe kimya, hadi uzeeke kama mimi.